Maswali ya Wasomaji: Marathoni ya Kwanza kwa Mama Mwenye Shughuli Nyingi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa akina mama wanaojiandaa kukimbia kilomita 42.195 kwa mara ya kwanza. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayowasumbua wengi.

Nina watoto wawili wa shule ya msingi na kazi ya ofisini. Sasa hivi naweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama, na marathoni niliyojiandikisha iko miezi mitano mbele. Siku za kazi sipati nafasi, kwa hiyo nakimbia Jumapili tu, ila siku hiyo nakimbia mbali. Je, inatosha?
*Mama wa wawili*

Haitoshi, dada, na tunakuomba sana ubadilishe mpango huo kabla haujakuumiza. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi kwa akina mama: wiki nzima inaliwa na kazi na watoto, kisha mazoezi yote yanarundikwa siku moja. Moyo na mapafu huzoea mbio ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi, na hukomaa kwa kupewa mzigo mdogo mara kwa mara, si mzigo mkubwa baada ya siku sita za kukaa. Ndiyo maana anayekimbia Jumapili peke yake hujiona ana pumzi tele huku goti au kisigino kimeshaanza kuuma.

Siku tatu kwa wiki zinamtosha anayetaka kumaliza salama. Jumanne kimbia dakika 40 polepole. Alhamisi anza na dakika 45, ukiongeza kidogo kidogo hadi ufikie saa moja na robo kwenye wiki ya 12. Jumapili ndiyo mbio ndefu. Kwa wiki 20, kilomita za Jumapili ziende hivi: 8, 10, 11, 8, 13, 15, 17, 12, 19, 21, 23, 16, 25, 27, 19, 25, 30, 20, 13, na ya mwisho ni marathoni yenyewe. Utaona kwamba kila baada ya wiki tatu hivi umbali unashuka. Usiiruke wiki hiyo kwa sababu unajisikia vizuri. Ndipo mwili unapojijenga.

Kama mwendo wako ni wa dakika 8 kwa kilomita, usizifuate kilomita 30 kwa nguvu. Simama ukifikisha saa tatu na nusu, hata kama ni kilomita 26 tu. Ukipita hapo, uchovu unaouleta nyumbani ni mkubwa kuliko faida, na Jumatatu una kazi na watoto wa kuandaa.

Polepole maana yake ni kwamba unaweza kumsimulia mtu jambo kwa sentensi nzima bila kuhema katikati. Ukishindwa, punguza mwendo, au tembea kwenye mlima.

Kuhusu nafasi: dakika 40 za Jumanne zinaweza kugawanywa, 20 alfajiri na 20 jioni, na mifupa yako itafaidika karibu sawasawa. Mtoto akiwa na mazoezi ya mpira, zunguka uwanja huohuo badala ya kukaa ukimsubiri. Panga nguo, soksi na raba usiku mahali pamoja, ili saa kumi na moja alfajiri usiwashe taa na kuamsha nyumba nzima. Mbio ya Jumapili tu ndiyo isigawanywe, kwa sababu kazi yake ni kuuzoesha mwili kuendelea ukiwa umechoka.

Ongeza dakika 15 za nguvu mara mbili kwa wiki, sebuleni tu: kuchuchumaa na kuinuka, kulala chali na kuinua nyonga, na kusimama ukingoni mwa ngazi kwa mguu mmoja ukipanda na kushuka kwa vidole, mara 15 kila mguu, seti tatu. Zoezi hilo la ngazi ndilo tunalolisisitiza kuliko yote, maana misuli ya nyuma ya mguu hubeba mzigo mkubwa katika kila hatua.

Jumapili iliyopita nilikimbia vizuri hadi kilomita ya 24, halafu miguu ikawa mizito ghafla, kisunzi kikaja, nikarudi nyumbani natembea. Asubuhi nilikunywa kikombe cha chai tupu, na njiani nilikuwa na maji. Nina kilo 65. Tatizo ni mazoezi?
*Msomaji aliyekwama njiani*

Tatizo ni chakula. Mkimbiaji hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Kwako wewe, kilomita 42 zitakula kama kilokalori 2,700. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, yaani glaikojeni, ukijaa vizuri hutoa karibu 2,000. Mafuta ya mwilini yapo mengi, lakini huyeyuka polepole mno kuweza kubeba mwendo wako peke yake. Wanga ukikaribia kuisha, miguu inakuwa mizito na sukari ya damu inashuka. Hapo ndipo kisunzi kinapotoka. Wewe ulianza ini likiwa limeshapungukiwa kwa usingizi wa usiku, hukula kitu asubuhi, na maji matupu hayana nishati yoyote.

Anza Jumamosi usiku. Akina mama wengi hula mabaki ya sahani za watoto wakiwa wamesimama jikoni, wakaita hicho chakula cha jioni. Keti, ule sahani kamili ya wali, viazi au tambi. Asubuhi, saa mbili kabla ya kuanza, kula vipande viwili vya mkate mweupe wenye asali au jamu na ndizi moja. Kama muda ni mfupi, ndizi peke yake nusu saa kabla ni bora kuliko chai tupu.

Njiani, kila saa moja ingiza gramu 30 hadi 60 za wanga, ukianza dakika ya 30, kabla hujasikia uhitaji. Pakiti moja ya jeli ya wakimbiaji huwa na gramu 20 hadi 25 hivi. Soma nyuma ya pakiti. Ndizi ya wastani ina karibu kiasi hichohicho. Unaweza pia kutengeneza kinywaji nyumbani: lita moja ya maji, gramu 60 za sukari (vijiko vya chai 15 vya kusawazisha), robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu kidogo kwa ladha. Mililita 600 za kinywaji hicho kwa saa zinakupa gramu 36.

Jeli inywe na maji matupu, si na kinywaji cha sukari. Ukichanganya vyote viwili, sukari inakuwa nzito tumboni, inavuta maji kuingia kwenye utumbo, na unaanza kutafuta choo kilomita ya 28. Tumbo nalo lifundishwe kwenye kila mbio ndefu. Usijaribu jeli mpya siku ya mashindano.

Usinywe kupita kiasi. Jipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu: kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Kupungua kidogo ni kawaida. Ukirudi umeongezeka uzito, ulikunywa mno, na hilo ni hatari, kwa sababu sodiamu ya damu inashuka na ubongo unaweza kuvimba. Anayekimbia saa tano au sita ndiye aliye hatarini zaidi, maana ana muda mrefu wa kunywa kwenye kila kituo. Fuata kiu yako.

Nina mtoto wa miezi minne, bado ananyonya. Nilianza kukimbia wiki hii nikagundua mkojo unanivuja kidogo. Rafiki yangu anasema ni kawaida kwa kila aliyezaa. Niendelee?
*Mama wa kifungua mimba*

Hapana, mama, usiendelee kukimbia kwa sasa, na usikubali kuambiwa uzoee. Kuvuja ni jambo linalowapata wengi, lakini ni dalili kwamba misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayoshikilia kibofu na mji wa mimba kwa chini, bado haijawa tayari, na kwa wengi hutibika. Wataalamu wa fiziotherapia hushauri kusubiri angalau wiki 12 baada ya kujifungua kabla ya kuanza mbio, na wiki hizo ni kiwango cha chini tu, hasa kwa aliyechanika au aliyepasuliwa.

Fanya hivi. Kaza misuli kana kwamba unazuia upepo usitoke, ivute juu, hesabu hadi 10 ukiendelea kupumua, kisha iachie kabisa. Usikaze makalio wala kubana pumzi. Rudia angalau mara 8, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu; wakati wa kunyonyesha ni nafasi nzuri. Usifanye zoezi hili kwa kukatakata mkojo chooni. Wengi husahau kuiachia misuli, na msuli usioachia nao unavuja.

Kabla ya kurudi barabarani, jaribu haya: kutembea kwa kasi dakika 30, kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10, kukimbia papo hapo dakika moja, na kuruka kwa mguu mmoja mara 10 kila upande. Ukipita yote bila kuvuja, bila maumivu na bila kuhisi uzito au kitu kinachoshuka ukeni, anza na dakika moja ya mbio na mbili za kutembea. Ukihisi uzito huo, nenda ukaonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia wa afya ya wanawake.

Maziwa hayaharibiki kwa mazoezi ya kawaida. Nyonyesha au kamua kabla ya kutoka, vaa sidiria inayoshika vizuri lakini isiyobana hadi kuziba mirija, na ule zaidi: kunyonyesha peke yake huhitaji kama kilokalori 500 kwa siku. Kwa maoni yetu, chagua marathoni ya baada ya mtoto kutimiza mwaka. Muda upo. Peres Jepchirchir alijifungua mwaka 2017, na mwaka 2021 akashinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo.

Nina maumivu ya ugoko tangu nifikishe kilomita 20. Nikimbie juu ya maumivu au nipumzike?
*Msomaji wa wiki ya kumi*

Inategemea yanauma vipi. Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa ndani wa mfupa. Maumivu yakitapakaa eneo refu kuliko upana wa kiganja, na yakipungua ukishapata joto, huenda ni uvimbe wa utando wa mfupa: kwa wiki mbili punguza kilomita kwa nusu, acha milima na kasi, na hesabu umri wa raba zako, maana nyingi huchoka kati ya kilomita 500 na 800.

Yakiwa sehemu moja ndogo inayofunikwa na ncha ya kidole, yakizidi unavyoendelea, au yakiuma hata usiku kitandani, simama leo hii. Huo unaweza kuwa ufa mdogo wa mfupa. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo mara nyingi haionyeshi kitu, kwa hiyo usirudi mbioni kwa sababu tu picha ni safi. Mwombe daktari kipimo cha MRI. Mara nyingi mapumziko ni wiki 6 hadi 8. Na tafadhali mwambie daktari kama hedhi yako imekatika au inaruka miezi. Mwanamke anayekimbia sana na kula kidogo hupungukiwa homoni zinazolinda mifupa, na mifupa hiyo hupata ufa kwa urahisi.

Watoto wameugua kwa zamu, nimekosa wiki mbili nzima. Nizifidie?

Usizifidie. Ukikosa wiki moja, endelea na mpango ulipofika. Ukikosa mbili, rudi nyuma wiki mbili kwenye orodha ya Jumapili, hata kama kilomita 30 hutazifikia. 25 au 26 zimewafikisha wengi. Ukikosa zaidi ya mwezi, omba kuhamia nusu marathoni. Na ukiwa na homa wewe mwenyewe, usikimbie kabisa.

Nataka kumaliza ndani ya saa tano. Nianze kwa mwendo gani?

Saa tano ni dakika 7 na sekunde 7 kwa kilomita. Kilomita 5 za kwanza zikimbie kwa 7:20. Utapoteza dakika moja na sekunde chache tu, nazo utazirudisha baadaye bila kuumia. Anayeanza kwa 6:30 kwa sababu ya shangwe za umati hulipa dakika 20 au zaidi baada ya kilomita ya 30.

Njia nyingine tunayoipenda kwa mara ya kwanza ni kukimbia dakika 4 na kutembea dakika 1, tangu mwanzo, si baada ya kuchoka. Ukikimbia kwa 6:40 na kutembea kwa 10:00, unamaliza kwa saa 5 na dakika 1 hivi. Izoee kwenye mbio ndefu.

Paka mafuta ya mgando kwapani, chini ya ukingo wa sidiria na katikati ya mapaja, ngozi isichubuke. Usimeze dawa za maumivu kama ibuprofeni wala diklofenaki kabla au wakati wa mbio: zinaelemea figo ambazo tayari zinapata damu kidogo.

Mtoto wangu ana mwaka mmoja. Jioni ya siku ya marathoni nitaweza kumbeba?

Utaweza, lakini omba msaada wa siku tatu, si wa jioni hiyo tu, kwa sababu siku ya pili ndiyo huuma zaidi. Kushuka ngazi kutakuwa kugumu kuliko kupanda, na mapaja yanaweza kukuangusha ghafla. Usishuke ngazi ukiwa umembeba mtoto. Atangulie na mtu mwingine, wewe ushike reli. Wiki ya kwanza tembea tu. Wiki ya pili jaribu dakika 20 polepole, na kama bado unachechemea, ngoja siku tatu nyingine.