Shule haijanilipa pesa za sare

SWALI: Shangazi, mimi ni fundi cherehani hapa Likoni. Nilishonea shule moja sare za shilingi 340,000. Mwaka umepita, mkuu ananizungusha tu. Wakili naye anataka pesa nisizo nazo. Nifanyeje?

JIBU: Mwanangu, usife moyo. Nenda Mahakama ya Madai Madogo, Mombasa ipo. Sheria ya 2016 iliishia madai ya 200,000, lakini marekebisho ya 2020 yamefikisha shilingi milioni moja, kwa hiyo deni lako limo. Unaweza kujisimamia bila wakili, na kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60. Ingekuwa ya shamba au mshahara, hapo pasingekufaa. Beba oda, risiti za vitambaa, na jumbe za simu ambazo mkuu amekiri deni. Hizo jumbe usizifute kamwe!