Chora Jedwali Tupu Kabla ya Kuchapisha Hojaji

Muhula ukikaribia kwisha, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, data ninayo tayari, nitumie testi gani?" Wanaouliza ni wanafunzi wa saikolojia wa vyuo vya hapa Nairobi, ambao wengi wao waliichagua saikolojia wakidhani wameikimbia hisabati, kumbe imetangulia kuwasubiri darasani. Swali lenyewe si baya, ila limechelewa. Hojaji zimeshachapishwa, zimejazwa, na makosa yaliyomo yamejazwa pamoja nazo. Mwaka 1938 mwanatakwimu Ronald Fisher aliwaambia wenzake huko India kwamba kumwita mtaalamu wa takwimu baada ya jaribio kumalizika mara nyingi ni kumwita aje apasue maiti; labda ataweza kusema kilichomuua marehemu.

Kwa hiyo, kabla hujaenda kwa mtu wa fotokopi, chukua karatasi uchore jedwali la matokeo likiwa tupu. Tuseme unataka kujua kama wanafunzi wanaoishi hosteli wana msongo mdogo kuliko wanaosafiri kila siku kutoka Rongai au Kitengela. Mistari ni miwili: hosteli, nyumbani. Safu ni idadi ya watu, wastani wa alama za msongo, na mkengeuko sanifu, yaani alama zimetawanyika kiasi gani kuzunguka wastani. Ukishindwa kulichora, swali lako bado halijaiva, na hakuna programu itakayokuivishia. Ukiweza, testi itajichagua yenyewe. Makundi mawili ya watu tofauti wenye alama: jaribio la t la makundi huru. Watu walewale kabla na baada ya ushauri nasaha: jaribio la t la jozi. Unahesabu tu ni wangapi wako kundi gani: kai-skwea. Kila mtu ana alama mbili na unatafuta uhusiano: kipimo cha uhusiano cha Pearson, au cha Spearman kama alama ni za kupanga nafasi. Sehemu kubwa ya kozi ya mwanzo ni hiyo.

Kuhusu wastani, fanya hesabu kwa mkono angalau mara moja. Najua kompyuta ipo. Fanya tu. Chukua dakika ambazo wanafunzi watano wanatumia kufika chuoni: 20, 25, 30, 35 na 140. Huyo wa mwisho anatoka Kitengela na mvua imenyesha. Jumla ni 250, wastani 50. Sasa mtafute mwanafunzi anayetumia dakika 50. Hayupo, wala hakuna anayeikaribia. Ukizipanga na kuchukua namba ya katikati unapata 30, ambayo inawaeleza watu wanne kati ya watano vizuri zaidi.

Endelea: toa 50 kwenye kila namba. Unapata −30, −25, −20, −15 na 90. Ukizijumlisha ni sifuri, na itakuwa sifuri daima, ndiyo maana tunazipigia kipeo cha pili kwanza. Jumla ya vipeo ni 10,250. Gawa kwa 4, yaani idadi ukitoa moja, kisha tafuta kipeuo cha pili: kama 50.6, na huo ndio mkengeuko sanifu. Mwondoe mtu wa Kitengela urudie hesabu. Wastani unashuka hadi 27.5 na mkengeuko hadi karibu 6.5. Mtu mmoja tu! Ukishaona hilo kwa kalamu yako, hutaripoti tena wastani bila kuangalia data imetawanyika vipi. (Wala sisemi umfute mtu wa Kitengela. Safari yake ni ya kweli. Pengine ndiye utafiti wenyewe.)

Jambo linaloua miradi mingi, hata hivyo, ni uingizaji wa data. PHQ-9, kipimo cha dalili za sonona kinachotumika sana, kina maswali tisa, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27; alama 10 na zaidi ndipo watafiti wengi huanza kuhesabu sonona ya kiwango cha kati. Mwanafunzi mmoja alinijia na matokeo ya kutisha: karibu darasa zima lina sonona. Nilipofungua faili nikakuta majibu yameingizwa 1 hadi 4. Kila mtu alikuwa ameongezewa alama tisa za bure, kwa hiyo aliyekuwa na dalili moja ndogo alifika 10. Angeandika mapendekezo kwa usimamizi wa chuo juu ya janga ambalo halikuonekana popote kwenye data yake.

Ndugu wa kosa hilo ni maswali ya kinyume. Kipimo cha Rosenberg cha kujithamini kina maswali kumi, na matano yameelekezwa upande wa pili, yaani kuyakubali ni dalili ya kujithamini kidogo. Kama majibu ni 1 hadi 4, badilisha hayo matano kwa kutoa kila jibu kwenye 5 kabla ya kujumlisha. Usipofanya hivyo, anayejithamini na asiyejithamini watatoka wamefanana.

Sasa p, ile namba ambayo programu inakupa mwishoni mwa testi. Ukipata p ya 0.03, usimwambie msimamizi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 3 kuwa hakuna tofauti. Maana yake ni hii: kama kweli tofauti haipo, sampuli za namna hii zingetoa tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi karibu mara 3 katika 100. Haisemi tofauti ni kubwa au ndogo, na ukiwa na watu wengi vya kutosha hata tofauti isiyo na faida kwa mteja yeyote itashuka chini ya 0.05, mpaka unaotumiwa na wengi. Kwa hiyo weka pia d ya Cohen, kipimo cha ukubwa wa tofauti: 0.2 ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa, ingawa hivyo ni vipimo vya kukadiria tu. Saikolojia ina sababu ya kuwa mwangalifu hapa. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 za awali zilikuwa na p chini ya 0.05, ila marudio yalifikisha asilimia 36 tu.

Mwisho, programu. SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, ikiwa ya wizi inayozunguka kwenye flashi mjini inaweza kukuletea virusi. JASP na jamovi ni za bure na zinatosha kwa kozi hii. Excel nayo inasaidia, kwa AVERAGE (wastani), MEDIAN (namba ya katikati) na STDEV.S (mkengeuko sanifu). Na yule wa saiba anayekuandikia sura ya nne, ya matokeo, kwa malipo hatakuwepo chumbani siku ya kutetea mradi, jopo likikuuliza kwa nini uligawa kwa 4 na si kwa 5.