Jibu: Je, siasa zikae mbali na michezo?

Ndugu yangu wa Tabora, umeuliza kama siasa zinapaswa kukaa mbali na michezo. Mwaka 1976 Tanzania, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika, ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu, iliruhusiwa kushiriki. Mwanariadha wetu Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kwa kumshinda John Walker wa New Zealand, hakukimbia. Walker akachukua dhahabu. Huku Kigoma wazee wangali wanalibishania jambo hilo kwenye kahawa, nami (nikiri, ni mpenzi wa riadha) naona uamuzi ulikuwa wa haki, ingawa gharama yake waliibeba wanariadha.