Maswali na Majibu: Ni nini kilichoipindua Normandie?

SWALI: Nimesoma kwamba Normandie, meli ya kifahari ya Ufaransa, ilipinduka mwaka 1942 ikiwa imefungwa gatini New York, bila kugongwa wala kutobolewa. Chombo kizima kinawezaje kulala ubavu? Je, hakikuhujumiwa?

JIBU: Swali hili huletwa kwangu kila mara, na karibu kila mara limejengwa juu ya dhana kwamba meli haiangamii mpaka itobolewe. Wauza hadithi za majasusi na majambazi wameilisha dhana hiyo kwa miaka mingi, ilhali uchunguzi uliofanywa Marekani ulikuta uzembe, tena uzembe wa kawaida kabisa.

Normandie ilianza kazi Mei 1935, ikavunja rekodi ya kuvuka Atlantiki katika safari yake ya kwanza, kisha vita vya 1939 vikaikuta New York, nayo haikuondoka tena. Tarehe 9 Februari 1942, ilipokuwa ikigeuzwa kuwa meli ya kubebea askari, cheche za fundi aliyekuwa akikata chuma kwa gesi ziliangukia marundo ya majaketi ya kujiokolea yaliyojazwa sufi.

Hata hivyo, si moto ulioipindua. Ilipinduliwa na maji ya zimamoto, yaliyomiminwa kwa saa nyingi na kutuama katika sitaha za juu. Maji yaliyo juu na yenye nafasi ya kutembea ni hatari kuliko tani zilezile zikiwa zimetulia chini kabisa ya meli, kwa sababu chombo kikiinama kidogo tu, yote hukimbilia upande huohuo, kama yafanyavyo katika sinia lililobebwa kwa mkono mmoja, na hivyo kuzidisha mwinamo. Vladimir Yourkevitch, msanifu aliyeichora meli hiyo, alifika gatini akashauri vali za chini zifunguliwe, maji ya bahari yaingie, ili ikae taratibu kwenye sakafu ya bandari, lakini hakusikilizwa. Kabla ya alfajiri ya tarehe 10 ilikuwa imelala ubavu, na baada ya vita ikauzwa kuwa chuma chakavu.

Ndiyo maana sina subira na wanaofundisha kwamba moto melini huzimwa kwa kumwaga maji mengi upesi, basi. Mwaka 2006 feri ya Al Salam Boccaccio 98 ilishika moto katika Bahari ya Shamu. Maji ya kuuzima yalikusanyika kwenye sitaha ya magari kwa kukosa pa kutokea, ikapinduka, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Wala sina subira na wakandarasi wanaomwona mlinzi wa moto, yaani mtu wa kuangalia cheche zisiwashe kitu, kuwa gharama ya bure wakati wa kuchomelea. Vitu vinavyowaka huondolewa kabla tochi ya gesi ya kukatia au kuchomelea haijawashwa, mfumo wa kuzimia moto haukatwi kabla ya mwingine kuwa tayari, na mpira wa maji unapofunguliwa, lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kupima mwinamo na kuhakikisha matundu ya kutolea maji hayajaziba.