Kutembea Chalbi: maji ya kubeba na hema la kushika

SWALI: Tuko marafiki watatu, tunataka kutembea kwa miguu siku tatu katika jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kutoka Kalacha hadi North Horr, tukiongozwa na mwenyeji mmoja. Tubebe maji kiasi gani? Na hema litashikaje kwenye upepo ule?

JIBU: Hesabuni watu wanne, kwani mwenyeji wenu naye anakunywa. Kila mtu lita 6 za kunywa na 2 za kupikia kwa siku: siku tatu ni lita 96, na siku moja ya akiba lita 32. Jumla ni 128, yaani madumu saba ya lita 20. Uzito wake ni kilo 140 hivi, basi kodini ngamia. Msitegemee visima vya njiani, maana maji yake mengi yana chumvi. Anayetoka jasho sana achanganyiwe lita moja ya maji na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Tembeeni alfajiri hadi saa nne, mpumzike kivulini, kisha muendelee kuanzia saa kumi.

Chalbi ilikuwa ziwa zamani, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukoko mweupe wa chumvi huonekana mkavu kama sakafu, kumbe chini ni tope. Penye rangi iliyokoza pazungukeni. Kwingineko chomekeni fimbo kwanza. Mvua ikinyesha, hata kama ni mbali, ahirisheni safari.

Upepo wa huko hutoka kusini-mashariki na hukaza usiku. Mlango wa hema uelekee kaskazini-magharibi. Mchangani kigingi cha kawaida hung'oka. Jazeni mchanga kwenye kimfuko, mkifunge kamba katikati, mkifukie kwa kina cha sentimita 40 kikiwa kimelala kukingama na mvuto wa kamba, kisha mkanyage mchanga juu yake hadi ushikamane. Kwenye mawe meusi ya volkano, kamba ifungwe kwenye jiwe, lakini kwanza liviringisheni kipande cha mpira wa tairi. Kingo zake ni kali, usiku mmoja tu wa kusuguana unakata kamba.

Lagga, yaani mkondo wa mto mkavu, ina mchanga laini na kivuli, inavutia kweli. Msilale humo: mafuriko hushuka hata kama juu yenu mbingu ni nyeupe. Na kabla ya kuvaa viatu asubuhi, vikung'uteni, nge hupenda kujificha humo.