Chelo inakwenda Naro Moru: tuiandae vipi?

SWALI: Habari yako fundi. Kijana wangu ana miaka 14 na anapiga chelo, ile ala kama fidla kubwa inayopigwa kwa upinde ukiwa umeketi. Mwezi wa Agosti shule yao inakwenda kambi ya muziki ya wiki moja karibu na Naro Moru, chini ya Mlima Kenya. Orodha tuliyotumiwa ina sweta, tochi, viatu vya kutembea porini na chupa ya maji, lakini kuhusu chelo imeandikwa tu kwamba ala iwe katika hali nzuri. Chelo yenyewe ni ya kukodi. Nimeambiwa hewa ya mlimani ni nyembamba na hupasua mbao. Tena nimemnunulia nyuzi mpya, naye anataka kuzifunga asubuhi ya kuondoka ili zifike zikiwa mpya kabisa. Rafiki yake anabeba nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Tufanye nini? – Mzazi, Buruburu.

JIBU: Mzazi mwenzangu, nianze na nyuzi kwa sababu ndizo zisizoweza kungoja. Zifungwe siku kumi hivi kabla ya safari, wala si asubuhi ya kuondoka. Uzi mpya huvutika. Wa chuma hutulia baada ya siku mbili tatu za kupigwa. Wenye kiini cha plastiki huweza kuchukua wiki nzima, na muda wote huo sauti yake inashuka kila ukigeuka. Kijana akizifunga siku ya safari, nusu ya kwanza ya kambi atakuwa anahangaika na vigingi, vile vya kukazia nyuzi, huku wenzake wakipiga muziki. Zile kuukuu msizitupe. Ziviringisheni mzitie katika mfuko wa kasha. Uzi uliokwisha kuvutika ndio akiba bora, maana mwingine ukikatika saa mbili usiku, huo utafungwa na kushika sauti papo hapo.

Tafadhali azifunge mmoja mmoja: atoe wa zamani, afunge mpya, autuni, ndipo aende kwa wa pili. Ndani ya chelo kuna kijiti kinachosimama kati ya kifua (ubao wa mbele) na mgongo bila tone la gundi. Wafaransa hukiita roho, nami naona hawakukosea. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, kama lilivyo daraja kwa nje, kile kibao kilichosimama kinachobeba nyuzi. Ukilegeza nyuzi zote kwa pamoja, daraja huanguka, na kijiti nacho huweza kulala chini. Kukisimamisha tena ni kazi ya fundi na chombo maalumu kinachopitishwa kwenye tundu la kifua. Kambini hamtampata mtu wa kuifanya.

Kuhusu hewa nyembamba, ondoeni hofu. Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Naro Moru iko karibu mita 2,000. Mlima una mita 5,199, lakini watoto hawapigi chelo kileleni. Ala iliyozoea Buruburu haitashtushwa na mita 300. Mbao haijali uzito wa hewa, inajali unyevu uliomo. Ikinywa unyevu hutanuka, ikikauka husinyaa, na hufanya hivyo kwa upana wa ubao, kwa urefu ni kidogo mno. Sasa kumbuka kwamba kifua cha chelo kimegandishwa kwenye mbavu zake, yaani kuta za pembeni, mzunguko mzima. Kikisinyaa ghafla hakina pa kwenda. Unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 60 ala haina neno, na hata ukipanda au kushuka polepole, mbao hufuata. Ni pale hali inapogeuka ndani ya saa moja ndipo mshono wa gundi unapoachia.

Na mshono ukiachia, msiogope. Gundi ya ngozi inayotumika kuunganisha kifua na mbavu hutiwa kwa makusudi ikiwa hafifu kuliko mbao yenyewe, ili shida ikija iachie yenyewe kabla ubao haujapasuka. Mshono ulioachia ni kazi ya siku moja kwenye meza yangu. Ubao uliopasuka ni kazi ya wiki kadhaa, na kovu lake halifutiki.

Ninachokihofia hasa ni barabara. Itazame njia yenyewe. Kutoka Nairobi mnateremka: Thika, halafu Sagana, ambako mko karibu mita 1,200 na jua ni kali. Kutoka hapo ndipo mnaanza kupanda, Karatina, Kiganjo, hadi Naro Moru mnakofika jioni mkiwa mmevaa masweta. Yaani chelo itapita joto kubwa kuliko yote katikati ya safari, saa zilezile ambazo basi husimama watu wale chakula. Niliwahi kuletewa chelo ya shule moja iliyokaa kwenye buti ya basi kwa muda wa mlo huo. Kasha jeusi, mlango umefungwa, jua la saa saba. Nilipoiinua kutoka kwenye kasha nilisikia kitu kikibofya kama ulimi. Nilichukua kisu cha kupakia siagi, nikakiingiza kati ya kifua na mbavu upande wa chini, kikateleza kutoka kona moja hadi nyingine bila kukwama. Gundi hiyo mimi huipasha moto hadi digrii 60 hivi ndipo iwe tayari kwa kazi, na nilivyoiona siku ile, buti ya basi ilikuwa imenifanyia kazi hiyo kinyume. Mtoto mwenye chelo alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia usoni, na sikuwa na la kumwambia isipokuwa kwamba kosa si lake.

Kwa hiyo mwambieni mwalimu mapema: chelo inakaa ndani na abiria. Ikiwa ni matatu, inunulieni kiti. Ilale kwa ubavu, daraja lisielekee chini, wala begi lisiwekwe juu yake. Nyuzi zisilegezwe kwa ajili ya safari. Ziacheni zilivyo, au mzishushe nusu toni tu kama roho zenu zitatulia. Kitambaa laini kikunjwe na kuwekwa chini ya kile kibao kinachoshika nyuzi kwa chini, ili daraja likianguka njiani, kibao kisipige kifua. Basi likisimama kwa chakula juani, kasha linashuka pamoja na mwenyewe.

Hatari ya pili ni moto. Nyumba nyingi za wageni kule huwasha kuni ukumbini jioni, na watoto huweka ala karibu na moto wakidhani wanazisitiri na baridi. Huko ndiko hewa iliko kavu kupita mahali popote katika jengo. Kasha likae ukuta wa mbali, si juu ya saruji tupu wala kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho alfajiri. Na ala ikitoka kwenye baridi kuingia chumba chenye joto, kasha lisifunguliwe mara moja. Lipewe kama nusu saa. Anayevaa miwani anajua kinachotokea akiingia jikoni kutoka nje asubuhi ya Julai. Ukungu huohuo hushika vanishi na nyuzi.

Asubuhi ya kwanza ndiyo itakayowatia wasiwasi, kwa hiyo kijana aijue kabla. Wataketi wote, mwalimu atatoa sauti ya 440, ile wanayotunia wote, na hakuna atakayekubaliana na mwenzake. Sababu ni kwamba baridi huzivuta ala pande mbili tofauti. Uzi wa chuma ukipoa hujikaza, sauti inapanda. Filimbi na tarumbeta hutegemea mwendo wa sauti katika hewa, na mwendo huo hupungua hewa inapopoa, hivyo zenyewe zinashuka. Tofauti ya digrii kumi huishusha filimbi karibu senti 30, na nusu toni nzima ina senti 100. Ni karibu theluthi ya nusu toni, na sikio lolote litaisikia. Dawa ni kupiga kwanza kwa dakika kumi na tano, pumzi na mikono zipashe ala joto, ndipo watuni kwa dhati. Anayetuni akiwa ametoka tu kitandani atatuni tena baada ya chai.

Hewa ikikauka, vigingi pia vitateleza: unageuza, kinarudi, uzi unafunguka wote kwa kishindo. Hapo dawa ni rahisi na imo nyumbani. Kigingi kitolewe (kimoja, si vyote), kitazamwe mahali palipong'aa kwa kusuguliwa, papakwe sabuni ya kipande iliyo kavu kidogo, halafu chaki ya ubaoni juu yake. Sabuni hukifanya kizunguke, chaki hukifanya kishike. Kikirudishwa, kisukumwe kwa ndani wakati wa kugeuza. Hilo nyote mlifanye nyumbani mara moja, ili mkono uzoee.

Kisha daraja. Hili naomba kijana alijue kama anavyojua kufunga kamba za viatu, maana nyuzi zinapotuniwa mara kwa mara hulivuta daraja kichwa kuelekea kwenye ubao wa vidole, kidogo kidogo, bila mtu kuona, hadi siku linapolala. Aiweke chelo kwa ubavu mapajani au kitandani, atazame kwa usawa wa jicho. Upande wa daraja unaotazama chini, kule kunakofungwa nyuzi, unapaswa kusimama wima juu ya kifua kama ukuta juu ya msingi. Kichwa kikiwa kimeinama, ashike kwa vidole vya mikono yote miwili, gumba nyuma na shahada mbele, alegeze nyuzi kidogo sana, avute kichwa taratibu bila kukurupuka. Miguu ya daraja isisogee hata unywele. Kabla ya hapo apitishe ncha ya penseli laini kwenye mifereji ya nyuzi juu ya daraja. Ule unga mweusi huzifanya nyuzi ziteleze badala ya kuburura mbao. Aangalie mara moja kila siku, inatosha.

Upinde: ulegezwe kila baada ya kupiga. Singa za farasi hurefuka kwenye unyevu na kufupika kwenye ukavu, kwa hiyo upinde ulioachwa umekazwa usiku wenye unyevu unaweza kukutwa mchana umejivuta kupita kiasi, na fimbo ikapinda au kukatika kichwani. Rozini, ule utomvu mkavu wa kupaka singa za upinde, abebe mbili, kwa sababu kwenye baridi huwa kama kioo na ikianguka mara moja ni vipande.

Ule mguu wa chuma wa chelo utateleza kwenye vigae na saruji. Abebe mkanda wa zamani wa suruali: kitanzi kinaingia kwenye mguu wa kiti, ncha ya chuma inatiwa kwenye tundu la mkanda. Hakuna kifaa cha dukani kinachozidi huo.

Nyatiti ya rafiki yake ina mambo yake. Nyuzi zake nane siku hizi kwa kawaida ni za nailoni, zile za kuvulia samaki, na hazina shida kubwa. Roho yake ni ngozi iliyowambwa. Ngozi hunywa umande kuliko mbao. Ataiamsha asubuhi aikute imelegea, sauti imezama na nene, na atajaribiwa kukaza nyuzi. Asizikaze. Jua likija saa tano ngozi itajivuta yenyewe, na nyuzi zilizokazwa asubuhi zitakuwa zimezidi. Hapo ndipo ngozi huchanika kwenye mashimo ya mishono. Aianike kwenye jua la asubuhi, dakika ishirini hivi, ngozi itazame juu, aigonge kwa kidole mpaka mlio urudi. Moto wa kuni usitumike, hukausha upande mmoja na kuacha mwingine. Usiku aifunge kwa blanketi la pamba, si mfuko wa plastiki. Na ile pete ya chuma ya kidole cha mguu, oduong'o, pamoja na njuga, zisisafiri ndani ya mfuko mmoja na ngozi. Nimeona tundu lililotobolewa na pete mahali pabaya kuliko pote, katikati.

Kitu kikiharibika kule, gundi ya supa isiguse ala, hata kama anayeitoa ni mwalimu mwema. Hukauka kama jiwe, huingia ndani ya nyuzinyuzi za mbao, na siku ikifika kwangu nitalazimika kukata hata mbao isiyoharibika ili kuiondoa. Chelo ikianza kuvuma au kutetemeka vibaya, kwanza akaze zile skrubu ndogo za kutunia, maana mara nyingi ni hizo. Kisha agonge polepole kwa kifundo cha kidole akizunguka ukingo wote. Palipo pazima pana mlio mmoja. Mshono ulioachia hujibu kwa mlio mkavu, kama kikombe chenye ufa. Akipapata, alegeze nyuzi kidogo, afunge kasha, aombe ala ya kuazima. Kipande kikibanduka, hata kidogo kama kucha, kitiwe kwenye bahasha kije nacho.

Jambo ambalo si la ufundi wangu lakini naliona kwa macho: mtoto anayefanya mazoezi dakika arobaini kwa siku akienda kupiga kwa muda wa saa tano au sita kila siku, siku ya tatu vidole vimechubuka na bega limekaza. Kuanzia sasa aongeze dakika kumi kila siku mbili, na apumzike kila baada ya nusu saa.

Na kwa kuwa chelo ni ya kukodi, mpigieni mwenyewe kabla hamjafungua uzi hata mmoja. Mwambieni inakwenda wapi na kwa siku ngapi, muulize kama ina bima na kama bima hiyo inavuka mipaka ya Nairobi. Ipigeni picha mchana, dirishani: kifua, mgongo, kona zote nne, shingo, na kila mkwaruzo uliopo tayari. Mtumieni picha hizo siku hiyohiyo.