"Dokta, nyama zinanicheza": kwa mnaoanza zamu OPD (wagonjwa wa nje)

Wadogo zangu, kuna mgonjwa mtakutana naye sana, anakaa kwenye kiti anasema dokta mwili unatetemeka na nyama zinacheza zenyewe, na mkono wako ushakimbilia kuandika kipimo cha malaria. Tulia kwanza. Malaria inatetemesha kweli ila ile ni baridi ya homa, meno yanagongana, mtu anaomba blanketi saa saba mchana, na UTI iliyopanda kwenye figo nayo inafanya hivyohivyo, so mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikisoma hasi usimpe dawa mseto kwa huruma, pima mkojo.

Asiye na homa ndo wa kuhojiwa. Muulize anakunywa nini, analala saa ngapi, anatumia dawa gani. Boda anayekesha na enaji anakuja kope linacheza wiki nzima, nyumbani washamwambia atapata mgeni, kumbe ni kafeini na kukosa usingizi. Mwenye pumu akizidisha salbutamol mikono inatetemeka. Mama wa presha anayetumia dawa za kukojoza, au mtu aliyeharisha sana, potasiamu na magnesiamu zinaweza kushuka, misuli ikacheza na kukaza usiku. Mlevi aliyeacha ghafla msimcheke jamani, tetemeko huwa linaanza saa 6 mpaka 24 tangu alipokunywa mara ya mwisho na anaweza kuishia kwenye degedege. Na mgonjwa wa kisukari anayetetemeka huku jasho linamtoka pima sukari hapohapo, jina utaandika baadaye, ikiwa chini ya 3.9 mmol/L na anaweza kumeza mpe maji ya sukari, hawezi basi ni drip ya glukosi.

Kuna kipimo cha bure pia: mwambie anyooshe mikono, mlazie karatasi nyepesi juu ya vidole. Ikitikisika muda wote, na mtu anakula vizuri lakini anakonda, moyo unaenda mbio, joto halivumilii, omba vipimo vya thairoidi, ile tezi ya shingoni.

Wengi ambao nyama zinacheza tu hawana tatizo kubwa, wengine washasoma mtandaoni usiku wa manane wakajipa ugonjwa wa neva, na hofu yenyewe inazidisha. Ila usimtoe kwa maneno matupu, mkague. Atembee kwa visigino, akubane vidole, atoe shati uone mabega. Nguvu ikipungua, misuli ikinywea, ulimi ukicheza ukiwa umetulia mdomoni au akipaliwa na maji, huyo ni rufaa.

Halafu msimu wa kupulizia mashamba: mkulima anaingia mate yanamtoka, machozi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, nyama zinacheza mwili mzima, na ananuka dawa ya wadudu. Hapo hakuna maswali marefu, vaa glavu, mvue nguo zote, aoshwe kwa sabuni, oksijeni, andaa atropini, dawa ya kupambana na sumu hiyo, na piga kelele mkubwa wako aje.